Kisa cha mamba wachanga waliougua mapafu: mnyoo ulioonekana na mnyoo uliokuwa ukiua

Kisa hiki kinatoka katika shamba moja la kufuga mamba wa Naili. Jina la shamba, mahali lilipo, majina ya watu na idadi kamili ya wanyama vimeondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa ugonjwa yamebadilishwa ili shamba lisitambulike. Mwandishi alikuwa katika timu iliyoitwa baada ya tiba mbili za mwanzo kushindwa.

Hali ya shamba kabla ya ugonjwa

Shamba lilikuwa na bwawa kubwa la udongo la mamba wazazi, chumba cha kutotolea mayai, na mabanda manne ya saruji yenye paa kwa ajili ya mamba wachanga wa chini ya mwaka mmoja. Mabanda yalisafishwa kila siku na maji yake yalipashwa joto hadi nyuzi 31 au 32 za Selsiasi. Kwa macho ya mgeni lilikuwa shamba safi, na kwa kweli wafanyakazi wake walijituma.

Jambo moja lilikuwa limezoeleka mno hata hakuna aliyeliona. Maji machafu yote, ya wazazi na ya watoto, yalipita katika mtaro mmoja na kuishia kwenye bwawa la kutuamisha taka. Ndani ya bwawa hilo perege walikuwa wameingia wenyewe na kuzaana. Walinenepa kwa kula kila kilichotiririka kutoka mabandani.

Chakula cha kawaida cha mamba wachanga kilikuwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na madini na vitamini. Kisha mashine ya kugandishia nyama ikaharibika na akiba ikapungua. Meneja aliamua kwamba nyama iliyobaki wapewe wadogo zaidi, waliokuwa katika mabanda mawili. Mabanda mengine mawili, yenye watoto wakubwa kidogo walioweza kumeza samaki mzima, yalianza kulishwa perege wadogo waliovuliwa asubuhi hiyohiyo kwenye bwawa la taka. Samaki walikuwa wabichi, na watoto waliwachangamkia kuliko nyama.

Mfululizo wa matukio

Wiki chache zilipita bila shida. Baada ya hapo, katika mabanda ya samaki, baadhi ya watoto walianza kubaki nchi kavu wakati wenzao wakiwa majini, vinywa wazi hata pasipokuwa na joto la kuwalazimisha kufanya hivyo. Walioingia majini walielea kwa kulalia ubavu mmoja. Wengine walitoa povu lenye wekundu puani. Vifo vikaanza, kwanza mmojammoja, kisha kila siku.

Mizoga ya kwanza ilipasuliwa hapohapo shambani. Tumbo lilifunguliwa, na ndani ya mfuko wa chakula ikakutwa minyoo ya mviringo iliyojikunja kwenye ukuta. Kwa hesabu ya wakati ule, jibu lilikuwa limepatikana. Kifua hakikufunguliwa.

Kinyesi kilipelekwa maabara. Kilichukuliwa kwa watoto na kwa wazazi, kikachanganywa katika chupa moja. Majibu yakasema kuna mayai ya minyoo ya mviringo, na pia "mayai ya utitiri, bila umuhimu". Maelezo hayo ya pili yalikuwa ya kawaida kabisa. Mnyama anayekula wanyama wengine humeza na utitiri wao, na mayai yake hupita tumboni hadi kwenye kinyesi bila kumdhuru.

Ikatolewa dawa ya minyoo, fenbendazoli, kupitia chakula. Kwa kuwa unga wa dawa haushiki kwenye samaki mzima, nyama kidogo ilitafutwa kokote ilikopatikana, ikasagwa na kuchanganywa na dawa. Dozi ilirudiwa, na kwa muda wa wiki mbili hivi mabanda yote manne yakala nyama. Vifo vikapungua. Shamba likashusha pumzi, samaki wakarudishwa, na baada ya muda vifo vikarudi kwa kasi kubwa kuliko mwanzo.

Sasa dalili za kifua zilikuwa wazi mno kupuuzwa. Sampuli ya mapafu ilioteshwa na kutoa bakteria aina ya Aeromonas, wanaoishi katika karibu kila bwawa la mamba. Ukaamuliwa ugonjwa ni nimonia, na sindano za antibiotiki zikaanza. Waliokuwa hawajazidiwa walipata nafuu, lakini wagonjwa wapya waliendelea kujitokeza katika mabanda yaleyale mawili. Kukamatwa kila siku kwa ajili ya sindano kuliwatia watoto hofu. Walirundikana pembeni wakilaliana, na hata wazima wakaanza kukataa chakula.

Hapo ndipo timu ilipoitwa. Swali la kwanza lilienda kwa mhudumu anayewalisha, kijana ambaye hakuwa ameulizwa lolote tangu mwanzo. Alijibu bila kusitasita: "Daktari, wanaokufa si wale dhaifu. Wanaokufa ndio walaji, wale wanaowahi samaki kabla ya wenzao."

Maneno hayo yalibadilisha mwelekeo wa uchunguzi. Katika ugonjwa wa kawaida wa banda, anayetangulia kufa ni aliyedumaa, yule asiyepata chakula wala mahali pa kuota joto. Hapa mpangilio ulikuwa kinyume. Tena mabanda yote manne yalitumia maji ya chanzo kimoja, joto moja, wahudumu walewale na ratiba ileile ya usafi. Tofauti kubwa kati ya mabanda yenye vifo na yasiyo na vifo ilikuwa ndoo ya chakula.

Kilichokutwa ndani ya mapafu, na ndani ya samaki

Mizoga mipya mitatu ilifunguliwa kwa utaratibu kamili, kuanzia kinywani hadi mwisho wa utumbo. Mapafu yalitolewa mazima, yakawekwa katika sinia jeupe lenye maji ya chumvi, kisha yakapasuliwa polepole kwa kufuata njia za hewa. Mapafu ya mamba yana vyumba vingi vidogo kama sifongo, na mtu akikata kipande kimoja tu anaweza kukosa kila kitu. Ndani ya vyumba hivyo, juu ya madoa ya damu, walikuwamo viumbe wembamba wenye rangi ya maziwa na urefu wa milimita chache. Baadhi walikuwa wameshikilia tishu kwa nguvu kiasi kwamba kibano kiliwatoa na kipande cha pafu. Chini ya kioo cha kukuzia, mwili wote ulionekana kuwa na pete, pete juu ya pete. Na pembeni mwa mdomo kulikuwa na kulabu nne, mbili kila upande.

Hawakuwa minyoo ya mviringo. Walikuwa pentastomi, na umbo lao lilionyesha kuwa ni wa jenasi ya Sebekia, vimelea wa mapafu ya mamba wanaojulikana sana. Watu huwaita minyoo ya mapafu, nasi tutaendelea kuwaita hivyo, lakini kwa nasaba wako karibu zaidi na kamba na kaa, na karibu zaidi ya hao na chawa wa samaki. Jambo hilo si la wataalamu wa nasaba pekee. Ndiyo sababu dawa iliyotengenezwa kwa minyoo ya mviringo haiwezi kutegemewa dhidi yao.

Tuliomba maabara itoe tena slaidi za kile kinyesi cha mwanzo. Yale "mayai ya utitiri" yalikuwa bado yanaonekana vizuri. Ndani ya yai kulikuwa na lava, yaani mtoto wa kimelea, aliyekunjamana mwenye miguu mifupi minne yenye kucha. Lava wa pentastomi ana miguu minne, na anafanana na utitiri kiasi kwamba kosa hili hutokea hata katika maabara nzuri. Mayai yale yalikuwa yametoka kwa wazazi. Watoto walikuwa na vimelea wachanga ambao hawajafikia kutaga.

Jioni hiyo perege walivuliwa kwenye bwawa la taka na kupasuliwa. Katika kuta za kibofu cha hewa cha samaki, na penginepo katika uwazi wa tumbo, kulikuwa na vimelea wachanga waliojikunja kama herufi C, kila mmoja ndani ya ngozi nyembamba. Mmoja alitolewa na kuwekwa katika maji ya chumvi yenye joto la maji ya mabandani. Kwa muda hakufanya kitu. Kisha akajinyoosha, akaanza kusogea, na kulabu zikawa zinafunguka na kujifunga. Meneja alikuwa amesimama pale akiangalia. Baada ya hapo hakuhitaji maelezo marefu kuhusu ndoo ya samaki.

Mzunguko mzima ulikuwa ndani ya uzio wa shamba. Mamba mzazi ana vimelea mapafuni, pengine kwa miaka, bila kuonyesha dalili yoyote. Mayai yao hupandishwa kooni, humezwa na kutoka na kinyesi. Kinyesi huingia mtaroni na kufika kwenye bwawa la taka. Perege humeza mayai, lava hutoboa utumbo wa samaki na kukua hadi hatua inayoweza kumwambukiza mamba. Mamba akimla samaki huyo mbichi, kimelea hutoboa ukuta wa utumbo na kusafiri hadi mapafuni, ambako hunywa damu na kukomaa. Wakiwa wachache, mamba mkubwa huvumilia. Mtoto anayekula samaki kadhaa kila siku hupata wengi kwa mpigo. Wanamtoboa njiani, wanamtoa damu mapafuni, na bakteria wa majini huingilia hapo. Kwa hiyo Aeromonas hakuwa ameoteshwa kimakosa. Alikuwepo kweli, ila alifuata njia iliyochimbwa na mwingine. Ugonjwa wa aina hii kwa watoto waliofugwa si mgeni: madaktari wa mifugo nchini Marekani waliueleza kwa aligeta wachanga mwaka 1984.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulichukuliwa kabla hata ya majibu ya mwisho ya maabara: hakuna samaki mbichi anayeingia bandani. Gharama yake ilikuwa usumbufu wa kutafuta nyama, na faida yake ni kwamba kila siku iliyopita bila samaki ilikuwa siku isiyoongeza kimelea hata mmoja.

Uamuzi wa pili ndio uliobishaniwa zaidi. Meneja alitaka dawa ya kuua vimelea waliokwisha kuingia mapafuni, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Ivamektini ilitajwa. Timu ilikataa. Dawa hiyo huua kasa na kobe, na usalama wake kwa mamba wachanga wagonjwa haukuwa jambo la kubahatisha nalo. Lakini hata kama ingekuwa salama kwa mamba, ingebaki shida ya mizoga ya vimelea. Pentastomi aliyekufa ndani ya pafu hana pa kutokea. Anaoza mlemle, mwili wa mamba unamshambulia kwa uvimbe, na njia ya hewa iliyokwisha kuwa finyu inaziba. Mtoto mwenye vimelea wengi anaweza kufa kwa sababu ya mafanikio ya dawa. Kimelea aliye hai, pasipo wapya kuongezwa, alikuwa hatari ndogo kuliko kimelea aliyekufa.

Antibiotiki hazikuachwa kabisa, ila zilitolewa kwa wenye dalili tu, na hao walihamishiwa banda la pembeni lenye giza kiasi na utulivu. Wengine hawakuguswa tena. Joto la maji lilishikiliwa kwenye nyuzi 32 usiku na mchana, kwa sababu kinga ya mamba hulegea maji yakipoa, na mtambo wa joto ulikuwa na tabia ya kuzimwa usiku.

Bwawa la taka halikuweza kukaushwa. Badala yake wavu wa matundu madogo uliwekwa kwenye mdomo wa mtaro ili samaki wasipande kurudi mabandani, uvuvi pale ukapigwa marufuku, na maji ya wazazi yakatengewa mtaro wake. Wazazi wenyewe hawakutibiwa. Walikuwa wazima, na kumkamata mamba mkubwa ili kumpa dawa ya mashaka ni hatari kwake na kwa watu.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyeitwa kulichunguza. Wakati wa kufunga kazi, mmoja wetu aliuliza mizoga inaenda wapi. Inatupwa kwa wazazi, tukajibiwa, isipotee bure. Mazoea haya yapo katika mashamba mengi, na yana historia ya kutisha. Mwaka 1995, katika mashamba ya mamba nchini Zimbabwe, iligunduliwa trikinela, mnyoo mdogo wa misuli, ndani ya nyama ya mamba wa Naili, na mwaka 2002 ikatambuliwa kuwa spishi mpya, Trichinella zimbabwensis. Lava wake hukaa ndani ya misuli bila kuta za kuwazunguka, na njia kuu ya kuenea mashambani ni mamba kulishwa nyama ya mamba. Mnyoo huyu anaweza pia kuambukiza mamalia, kwa hiyo linapotajwa suala la nyama ya mamba, afya ya walaji inahusika moja kwa moja. Misuli ya ulimi, taya na kati ya mbavu kutoka kwa mizoga ilisagwa, ikayeyushwa kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni, na asidi kwenye joto la nyuzi 45 hivi, na mashapo yake yakaangaliwa kwa hadubini. Hakuna lava aliyeonekana. Hata hivyo mizoga ilianza kuchomwa siku hiyohiyo, na agizo hilo lilibandikwa ukutani.

Matokeo

Vifo havikukoma mara moja, na wafanyakazi walikuwa wameonywa mapema kwamba havitakoma. Vimelea waliokuwa njiani walipaswa kumaliza safari yao. Kwa wiki kadhaa waliendelea kufa wale ambao tayari walikuwa na povu puani, kisha idadi ikashuka, kisha ikawa hakuna. Mabanda mawili ya nyama hayakupoteza mtoto hata mmoja kwa ugonjwa huu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Walionusurika hawakuwa sawa wote. Baadhi walirudia kukua vizuri, wengine walidumaa na kubaki nyuma ya wenzao wa umri uleule. Mmoja wa waliodumaa alikufa miezi baadaye kwa sababu nyingine, na mapafu yake yalikuwa na pentastomi wachache waliokomaa na makovu mengi.

Baadaye samaki walirudi kwenye ratiba, safari hii wakiwa wamegandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Kila shehena ilikaguliwa: samaki kadhaa waliyeyushwa, vimelea wakatolewa na kuwekwa katika maji ya chumvi ya vuguvugu kuona kama kuna anayesogea. Kwa kuwa kugandisha kwa muda mrefu hupunguza thiamini (vitamini B1), na mafuta ya samaki wa akiba huchacha na kumaliza vitamini E mwilini mwa mamba, vitamini hizo mbili ziliongezwa. Bila nyongeza hiyo shamba lingeweza kutoka kwenye ugonjwa wa mapafu na kuingia kwenye ugonjwa wa mafuta ya mwili kuwa magumu, ambao nao huua.

Uchambuzi

Kilichopoteza muda mwingi zaidi ni kule kupata nafuu baada ya fenbendazoli. Dawa ilipotolewa, mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, dawa iliingia na samaki wakatoka, lakini dawa peke yake ndiyo iliyopewa sifa. Kama banda moja lingepewa nyama isiyo na dawa kwa wiki hizo mbili, jibu lingejitokeza lenyewe. Hata bila jaribio, daftari la chakula lingetosha, lakini daftari la chakula na daftari la vifo yalikuwa katika ofisi mbili tofauti, na hakuna aliyeyaweka mezani pamoja hadi kipindi cha mwisho.

Upasuaji wa mwanzo uliishia pale mnyoo wa kwanza ulipoonekana. Minyoo ya mviringo ya mfuko wa chakula, ya kundi la Dujardinascaris na jamaa zake, hukutwa kwa mamba wengi wanaokula samaki. Ikizidi huleta vidonda, lakini mara nyingi mamba huishi nayo. Kuikuta kulithibitisha kwamba mtoto alikula samaki mwenye vimelea. Hakukueleza kwa nini anatoa povu jekundu puani. Dalili ilikuwa kifuani na kisu kikaishia tumboni.

Chupa moja ya kinyesi kwa watoto na wazazi ilifanya majibu yasisomeke. Ingekuwa mbili, maabara ingeona kwamba yale mayai ya ajabu yako kwa wazazi pekee, na kwa wingi ambao utitiri uliomezwa kwa bahati usingeuleta. Kwa upande wa maabara, fomu iliyoletwa haikuandika kwamba wanyama hawa wanakula samaki wabichi. Mtaalamu anayejua hilo huhesabu miguu ya lava kabla ya kuandika neno utitiri.

Kilichofanya kazi vizuri ni kukata chanzo kabla ya kukamilisha uthibitisho, na kukubali kutofanya kitu kwa vimelea waliokwisha kuingia. La pili lilihitaji ujasiri zaidi, kwa sababu mwenye mifugo inayokufa huona kutotibu kuwa ni kutelekezwa. Lilisaidiwa na kueleza mapema, kwa maandishi, kwamba vifo vitaendelea kwa muda na kwa nini. Vilipoendelea, hakuna aliyekimbilia dawa ya jirani.

Na kuna yule mhudumu. Taarifa yenye thamani kuliko zote ilikuwa kwake muda wote ambao sampuli zilikuwa zikisafirishwa. Sasa fomu ya vifo ya shamba hilo ina nafasi anayoijaza yeye: mtoto huyu alikuwa mlaji wa namna gani.

Kinachobaki bila ufumbuzi ni wazazi. Bado wana vimelea, bado mayai yanatoka, na bwawa lao la udongo lina samaki wao wenyewe ambao hakuna wavu utakaowamaliza. Shamba limechagua kuishi na hali hiyo na kuwalinda watoto kwa mitaro iliyotenganishwa, samaki waliogandishwa na zana za usafi zisizovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kinyesi cha wazazi kinaangaliwa kila msimu, kwenye chupa yake peke yake. Watoto wakifikia umri wa kuhamishiwa bwawa la udongo, wataambukizwa. Kinachotafutwa ni wafike huko wakiwa wakubwa wa kutosha kuvumilia vimelea wachache wa kila siku, na ukubwa huo shamba bado linautafuta kwa kupima urefu wa kila kundi linalohamishwa.